Chumvi haipandi na mvuke: pua inavyojisafisha, na ukungu wa maji ya chumvi unavyoisaidia

Binti Kilwa

Wakuu, habari za jioni.

Tangu baridi ianze nasoma nyuzi za mafua humu jukwaani, na ushauri ni uleule: chemsha maji, tia chumvi ya mawe ya kutosha, jifunike blanketi, vuta mvuke wa chumvi mpaka pua izibuke. Naomba leo mnivumilie niandike kwa kirefu. Wiki iliyopita nimefunga bandeji mapaja ya mtoto wa miaka mitatu aliyemwagikiwa na sufuria ya namna hiyo. Mama yake alikuwa anamtibu mafua. Aliniambia alitia chumvi viganja viwili, kwa sababu alielezwa kuwa chumvi ndiyo dawa yenyewe. Chumvi ile haikufika puani mwa mtoto hata chembe moja.

Mimi ni muuguzi, huu mwaka wa kumi na moja, sasa nipo nyanda za juu kusini. Lakini nimezaliwa Kilwa, na marehemu baba alikuwa kibarua wa mashamba ya chumvi. Wa pwani wanaijua kazi ile. Bamvua likijaa, maji ya bahari yanaingizwa kwenye mabwawa ya kina kifupi, yanafungiwa humo, jua linafanya lake. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Siku zinavyokwenda maji yanapungua, yanakuwa mazito, na pembeni unaanza kuona ukoko mweupe unaovunjika chini ya nyayo kama maganda ya mayai. Baba alikuwa akibandua punje moja kubwa ananionyesha juani: ina pembe kamili, kama imekatwa kwa kisu. Maji yote yamepanda juu, chumvi yote imebaki chini. Ingekuwa chumvi inapanda na mvuke, baba asingekuwa na cha kuvuna.

Sufuria ya kujifukizia ni shamba la chumvi dogo. Mvuke unaouvuta ni maji matupu ya moto. Chumvi inabaki sufuriani, tena inazidi kukolea kadiri maji yanavyopungua.

Sasa kuna kitu kingine, nacho ni ukungu. Hapa ndipo tunapochanganyikiwa, kwa sababu hospitalini ile mashine ya nebulaiza wengi tunaiita "mashine ya mvuke". Haichemshi kitu. Inasukuma hewa kwa nguvu, au inatetemesha maji, mpaka yanavunjika kuwa vitone vidogo mno. Kila kitone kimebeba chumvi yake, kiwango kilekile kilichokuwa kwenye chupa. Weka mkono mbele ya ule ukungu: ni wa baridi. Dawa ya kupuliza puani yenye maji ya chumvi nayo ni hivyohivyo, ila vitone vyake ni vikubwa zaidi. Ukubwa ndio unaoamua kitone kitatua wapi. Gawanya milimita mara elfu, kipande kimoja ni mikroni. Vitone vya zaidi ya mikroni 10 vingi hunaswa puani na kooni. Vya mikroni 1 hadi 5 vinashuka mapafuni. Kwa hiyo cha kupuliza ni cha pua, nebulaiza ni ya kifua zaidi.

Nirudi kwenye pua yenyewe, maana kwangu hii ndiyo sehemu tamu.

Pua ina namna yake ya kujifagia, na haijawahi kupumzika tangu ulipozaliwa. Ndani, nyuma ya zile nywele unazoziona kwenye kioo, kuna utando wenye seli zilizoota vijinywele visivyoonekana kwa macho. Seli moja ina vijinywele kama 200, kila kimoja kina urefu wa mikroni 5 hadi 7 hivi. Juu yake kuna tabaka mbili. Ya chini ni majimaji mepesi, ambamo vijinywele vinaogelea. Ya juu ni ute unaonata, na huo ndio unaokamata vumbi, masizi, chavua na vijidudu. Vijinywele vinapiga kwa pamoja, wimbi moja nyuma ya jingine, kiasi cha mara 10 hadi 15 kwa sekunde moja. Pigo la kwenda kijinywele kinasimama wima na ncha yake inaukamata ute na kuusukuma. Pigo la kurudi kinajikunja na kupita chini kwa chini ndani ya majimaji mepesi, kisiurudishe ute ulikotoka. Kama mpiga kasia anayelaza kasia lake anapolirudisha.

Ute unasogea kama milimita 5 kwa dakika, wote ukielekea nyuma kooni. Unaumeza bila kujua, na tindikali ya tumbo inamalizia kilichokamatwa. Kila dakika 10 hadi 20 zulia lote la puani limebadilishwa. Wewe umelala, lenyewe linakwenda.

Daktari mmoja wa Graz, Austria, Walter Messerklinger, alitumia miaka mingi kufuatilia njia za ute ndani ya mapango ya uso, yale mashimo ya hewa yaliyomo ndani ya mifupa na kufungukia puani. Pango la shavuni lina mlango wake juu, karibu na jicho. Ungedhani uchafu utatuama chini kama maji kisimani. Aliona ute unapandishwa ukutani, ukipingana na uzito wake, kila mara kuelekea mlango uleule wa asili. Hata ukitoboa tundu jingine chini, ute unalipita na kuendelea na safari kwenda kwenye mlango wake. Mimi niliposoma hilo chuoni niliacha daftari wazi nikakaa kimya.

Mafua yakiingia, virusi vinaharibu seli zile na vijinywele vinapukutika. Hewa kavu inakausha tabaka ya chini, vijinywele vinanaswa kwenye ute kama miguu kwenye tope. Moshi wa kuni na wa sigara unavipunguza kasi. Ute unasimama, unakauka, unakuwa ukoko. Hapo ndipo pua imeziba.

Maji ya chumvi kazi yake ni kulegeza ukoko, kuondoa kilichotuama, na kurudisha unyevu ili vijinywele viogelee tena. Yakiwa na chumvi nyingi kidogo kuliko mwili, yanavuta maji kutoka kwenye tishu zilizovimba, na uvimbe nao unapungua. Kazi ya kusafisha inaendelea kufanywa na pua.

Asiyeamini kuhusu mvuke afanye hivi: chemsha maji ya chumvi kali, funika, kisha funua mfuniko uuache upoe, uonje matone yaliyoshika upande wa ndani.

Karibuni.

Kipanga wa Songea

Dada, heshima yako. Lakini 2020 nchi nzima tulijifukiza, kuanzia viongozi hadi sisi huku chini. Bibi yangu ana miaka 80 na ushee, nyungu ndiyo dawa yake ya mafua tangu ujana. Anatia mkaratusi, mchaichai, majani ya mwembe na chumvi. Nimekaa naye chini ya blanketi na pua imefunguka, nimeisikia mwenyewe. Unataka kusema bibi ametudanganya?

Binti Kilwa

Hapana kaka, bibi msalimie, mwambie shikamoo. Hajadanganya mtu. Joto na unyevu vinalegeza ute kwa muda, na hilo unalisikia kweli. Mafuta ya mkaratusi yanapanda na mvuke, ndiyo maana unayanusa mpaka sebuleni. Ila fahamu kwamba ile harufu kali ya mkaratusi au ya dawa ya kupaka kifuani inaamsha mishipa ya fahamu inayohisi ubaridi, unaona hewa inapita tele. Watafiti walipopima hewa inayopita baada ya mtu kunusa mentholi, ile ya kwenye dawa ya kupaka kifuani, haikuwa imeongezeka. Nafuu ya kuhisi nayo ni nafuu, siibezi.

Ninayoyapinga ni mawili: chumvi kwenye sufuria, ambayo haifiki popote, na maji yanayochemka karibu na mtoto. Mtu mzima ajifukize akipenda, sufuria iwe chini, imara, na watoto wawe nje.

Fanya lile jaribio la mfuniko.

Mama Nuru

Sista, mimi nina mtoto wa wiki saba. Tangu jana pua imeziba, akianza kunyonya anaachia, analia, anarudi, anaachia. Usiku sikulala. Mama mkwe amesema nimnyonye kamasi kwa mdomo. Nifanyeje?

Binti Kilwa

Pole sana mama Nuru. Kwanza naomba umwangalie sasa hivi kabla hujasoma zaidi. Akiwa ametulia, fungua kifua, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima, usikadirie. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni za kumpeleka hospitali usiku huuhuu. Miezi miwili hadi mwaka, 50. Mwaka hadi mitano, 40. Vilevile kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta hewa, kama ana homa, kama ameshindwa kabisa kunyonya, au amelegea. Usisubiri asubuhi.

Kama hayo hayapo: mtoto mdogo anategemea pua karibu kwa kila pumzi, na hawezi kunyonya na kuhema kwa mdomo kwa wakati mmoja. Ndiyo maana anaachia. Nunua duka la dawa matone ya pua ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9. Mlaze chali, kichwa kimeinuka kidogo begani kwako, tone moja au mawili kila tundu, dakika chache kabla ya kunyonyesha. Subiri. Atapiga chafya au utaona kamasi imelegea inashuka. Ifute kwa kitambaa laini, au uivute taratibu mwanzoni mwa tundu kwa kipira cha kunyonyea kamasi. Usiingize pamba ya kijiti ndani. Kwa mdomo usifanye, mafua ya mtu mzima yataishia kwake. Mweleze mama mkwe kwa upole, alikuwa anataka mema.

Na usimpe matone ya kufungua pua ya watu wazima. Yale yana dawa inayobana mishipa ya damu, kwa kichanga ni hatari.

Mama Nuru

Nimehesabu mara mbili, 44. Kifua hakibonyei. Asante, baba yake ametoka kwenda duka la dawa.

Mkaazi wa Limuru

Hamjambo ndugu zetu. Sisi huku baridi ya Julai ni kali na hewa hukauka, kwa hivyo hii mada imenigusa. Naomba kipimo cha kujitengenezea nyumbani cha mtu mzima, kwa sababu chupa za kupuliza bei yake imepanda.

Binti Kilwa

Kipimo: nusu kijiko cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa kwa kisu, kwa maji robo lita. Inakaribia gramu 3, yaani zaidi kidogo ya asilimia moja. Ukitia chembechembe za magadi soda ya kuokea keki inapunguza kuwasha. Chumvi isiyotiwa madini joto wala kitu kingine ni bora kwa pua; ile ya mezani ikikuwasha, badilisha.

Maji yachemke, halafu yapoe hadi vuguvugu. Kwa wengi dakika moja ya kuchemka sawasawa inatosha. Wewe Limuru upo zaidi ya mita 2,000, maji yanachemka kabla hayajapata joto kamili, kwa hiyo chemsha dakika tatu. Maji ya chupa ya dukani nayo yachemshe, yale ni salama kwa kunywa, hayakuahidiwa kuwa salama kwa pua. Yakibaki, mwisho ni kesho yake, mwaga. Chupa au bomba la sindano unalotumia lioshwe na kukaushwa, liwe la mtu mmoja.

Inama juu ya beseni, geuza kichwa pembeni, hema kwa mdomo, sukuma taratibu kwenye tundu la juu yatokee la chini. Usilazimishe. Ukimaliza usipenge kwa nguvu ukiwa umebana matundu yote mawili, utasukuma uchafu masikioni.

Kipanga wa Songea

Nimefanya jaribio. Dada, matone ya mfunikoni yana chumvi! Si kali, lakini ipo. Nimeonja na mke wangu ameonja.

Binti Kilwa

Ahsante kwa kujaribu, hili jibu nimelipenda kuliko kama ungekubali tu. Niambie: maji yalikuwa yanachemka kwa kasi? Sufuria ilikuwa imejaa?

Kipanga wa Songea

Imejaa karibu na ukingo. Yalikuwa yanaruka, jiko la gesi niliachia moto wote.

Binti Kilwa

Basi ulichoonja ni mapovu yaliyopasuka. Povu likipasuka linarusha vitone vya maji yenyewe, na chumvi yake ndani. Huo ni ukungu, umeutengeneza bila kukusudia. Mawimbi yakipiga mwamba yanafanya vilevile, ndiyo maana nyumba za ufukweni mabati yanaoza haraka na ukilamba midomo unapata chumvi. Bahari tulivu juani inatoa mvuke siku nzima bila kukuletea chumvi.

Rudia, maji yawe robo ya sufuria, moto mdogo, yafuke tu yasiruke. Futa mfuniko kwanza.

Abu Salim, Muscat

Assalaam alaykum. Mimi ni Mzanzibari, niko Muscat miaka mingi. Huku viyoyozi usiku kucha, asubuhi pua imekauka mpaka inatoka damu. Swali langu ni la udhu. Tunapandisha maji puani mara tano kwa siku, maji ya bomba. Nimesikia kuna mdudu wa kwenye maji anayekula ubongo. Ni kweli au ni ya mitandaoni?

Binti Kilwa

Wa alaykum salaam, mzee wangu. Ni kweli, ingawa ni nadra sana. Anaitwa Naegleria fowleri, ni amiba wa maji yasiyo ya chumvi yenye joto: maziwa, mabwawa, matangi yaliyochemshwa na jua, mabomba yasiyo na klorini ya kutosha. Ukimnywa hakudhuru. Akisukumwa juu kabisa puani anaweza kufuata mishipa ya kunusa hadi kwenye ubongo, na wengi wanaoambukizwa hufariki. Mwaka 2011 jimboni Louisiana, Marekani, watu wawili walifariki baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba yasiyochemshwa. Karachi, Pakistan, wamekufa watu waliotajwa kuwa hawakuogelea popote, na wakuu wa afya kule walishauri maji ya udhu yachemshwe au yatiwe klorini.

Kwa udhu wa kawaida maji yanaingia mwanzoni mwa pua na kutoka, si sawa na kumimina nusu glasi ipite hadi nyuma. Maji ya mjini yenye klorini hayana wasiwasi mkubwa. Lakini kama ni ya tangi la juani darini, pandisha kwa wepesi, na tangi lisafishwe. Maji ya chumvi ya bahari hawezi kuishi humo.

Kuhusu damu: pulizia maji ya chumvi asilimia 0.9 kabla ya kulala, punguza kiyoyozi. Damu ikiendelea upande mmoja tu, muone daktari wa pua.

Mswahili wa Mainz

Nimefurahi kukuta uzi huu. Naishi Ujerumani, karibu na mji unaoitwa Bad Kreuznach. Pale bondeni kuna kuta ndefu za mbao, juu kuliko nyumba ya kawaida, zimejazwa matawi makavu ya miiba yaliyopangwa kama fagio. Maji ya chumvi kutoka ardhini yanapandishwa juu na kuachiwa yadondoke tawi kwa tawi. Wazee wanakaa kwenye mabenchi mbele yake wakivuta hewa tu, wengine wanasoma gazeti. Ukipita upande upepo unakokwenda, miwani inapata ukungu na ulimi unaonja chumvi. Nilifikiri ni mapambo.

Mwenyeji mmoja akanieleza kuwa hapo mwanzo ilikuwa kazi ya chumvi: matone yakidondoka upepo unakausha maji, kinachofika chini kimekolea, kuni za kuchemshia zinapungua. Uponyaji ulifuata baadaye. Sasa dada uliposema habari ya baba yako nikaona ni kitu kilekile, wao walitumia upepo kwa kuwa hawana jua letu.

Binti Kilwa

Kaka umenipa zawadi. Na angalia matawi: kitone kikigonga mwiba kinapasuka, ndipo ukungu unapopatikana. Poland nako, Ciechocinek, kuna kuta kama hizo za karne ya 19, ukijumlisha urefu zinapita kilomita moja na nusu. Poland hiyohiyo, kwenye mgodi wa chumvi wa Wieliczka, daktari Feliks Boczkowski alianza kutibu watu mwaka 1839. Kwetu, Uvinza kule Kigoma wamechemsha maji ya chumvi kwa kuni kwa zaidi ya miaka 1,000. Nawaza jinsi misitu ingepumzika kama wangekuwa na ukuta mmoja wa miiba.

Kifua Kizito

Mimi nina pumu. Mwaka jana niliwekewa nebulaiza ya maji ya chumvi kali kwenye kituo fulani cha afya ili nitoe makohozi ya kupima TB. Dakika ya tatu kifua kilibana kama nimefungwa kamba, nilidhani nakufa. Hakuna aliyeniuliza kama nina pumu. Sasa nikisikia mnasifia chumvi naogopa.

Binti Kilwa

Pole sana, na una haki ya kuogopa. Ulipaswa kuulizwa, na ulipaswa kupewa salbutamoli, dawa ya kupanua njia za hewa, kwanza, na mtu akae nawe mpaka mwisho. Maji ya asilimia 3 hadi 5 hutumika kweli kuamsha makohozi, na kwa watoto wasioweza kukohoa na kutema yamesaidia sana. Utafiti wa Cape Town uliotolewa 2005 ulionyesha sampuli moja ya namna hiyo inalingana na tatu za kunyonya maji ya tumboni kwa mpira. Lakini chumvi kali inabana njia za hewa za mwenye pumu. Inabana kwa uhakika kiasi kwamba kwingine ndiyo wanayotumia kupimia kama mtu ana pumu.

Wapo wanaoihitaji hiyo kali. Kuna ugonjwa wa kurithi, saistiki faibrosisi, ambao ute wa mapafu unakosa maji na kuwa kama gundi. Madaktari wa Australia waligundua wagonjwa wao wanaoteleza kwenye mawimbi ya bahari wana vifua bora kuliko wenzao. Wakaleta bahari hospitalini: wagonjwa 164, wiki 48, ukungu wa asilimia 7 mara mbili kwa siku. Matokeo yalichapishwa 2006, na vipindi vya kuzidiwa kifua vilipungua kwa zaidi ya nusu. Hiyo ni tiba ya daktari, na dozi ya kwanza hutolewa chini ya uangalizi.

Wewe pulizia pua asilimia 0.9. Usiweke chumvi ya kutengeneza mwenyewe kwenye nebulaiza, wewe wala mtu yeyote humu. Kinachoingia mapafuni kinatoka kwenye chupa iliyofungwa kiwandani.

Mfamasia Mtarajiwa

Sista, kuna kitu hakijakaa sawa. Mhadhara mmoja tulifundishwa kuwa chumvi nyingi inasimamisha vijinywele. Sasa asilimia 7 inasaidiaje?

Binti Kilwa

Umefundishwa vizuri. Waholanzi mwaka 1999 walizamisha vijinywele maabara: asilimia 7 ilivisimamisha, vikaamka vilipooshwa, asilimia 14 na ushee vilikufa moja kwa moja. Ndani ya mtu aliye hai chumvi haikai peke yake. Mwili unamwaga maji juu yake papo hapo, inapungua nguvu, na yale maji yaliyokuja ndiyo faida. Lakini ni onyo kwa wanaoamini ikiwa kali ndiyo nzuri. Kwa pua usivuke asilimia 3.

Kuna kipimo chepesi cha kasi ya ute utakutana nacho: chembe ya sakarini, ile sukari bandia, inawekwa puani, sentimita moja nyuma ya ncha ya kinundu cha chini, kile kinachojitokeza kwenye ukuta wa pembeni wa pua. Mtu anakaa wima bila kuvuta kamasi, mnaangalia saa mpaka aseme "tamu". Chini ya dakika 20 ni vizuri, zikipita 30 kuna shida. Kwa kipimo hicho, watu wazima wenye afya walioosha pua kwa asilimia 3 mwaka 1997 walipata kasi zaidi. Kwa asilimia 0.9 kasi haikubadilika kitu. Hiyo ya 0.9 faida yake ni kuosha na kulowesha.

Na wapo ambao utamu hauji kabisa. Manes Kartagener wa Uswisi aliwaeleza 1933: mapango ya uso yamejaa, mapafu yameharibika, moyo upo kulia. Mwaka 1976 Björn Afzelius wa Sweden akaona kwa darubini kwamba vijinywele vyao vimekosa vipande vinavyovisogeza. Mikia ya mbegu za kiume imejengwa vilevile, ndiyo maana wanaume wengi kati yao hawapati watoto. Ukimkuta mtoto mwenye makamasi mwaka mzima, tangu siku alipozaliwa, mkumbuke Kartagener.

Chuma cha Reli

Natumia matone ya kufungua pua miezi minane. Bila hayo silali. Maji ya chumvi yatanitoa?

Binti Kilwa

Hayo matone yenyewe ndiyo yanayokuziba sasa. Yakipita siku tano hadi saba, mishipa inazoea, dawa ikiisha inavimba zaidi. Acha tundu moja kwanza, lile jingine lifuate baada ya wiki mbili. Siku za mwanzo ni ngumu, maji ya chumvi yatakushikilia. Na onana na daktari, upo uwezekano akakupa ya kupuliza yenye steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, ya kukuvusha.

Mama Nuru

Nimerudi. Usiku tumetia matone mara tatu. Saa tisa alipiga chafya mbili, ikatoka kamasi ndefu, akanyonya ziwa moja lote bila kuachia. Nimekaa gizani namsikiliza anavyohema. Asubuhi nimehesabu tena, 42. Mama mkwe ndiye aliyeshika tochi.

Kipanga wa Songea

Nimerudia, maji robo, moto mdogo. Mfuniko hauna chumvi. Nikampelekea bibi aonje bila kumwambia ni nini, akasema "maji ya mvua haya". Nikamweleza. Amekaa kimya kidogo, kisha akauliza kama chumvi ile aliyokuwa anatia kwenye nyungu anaweza kuipimia kwenye kikombe. Nusu kijiko, robo lita, nimemwandikia kwa herufi kubwa nikabandika mlangoni jikoni.